Tuazimeni miwani ya mazoezi, lakini na mtu wa kututazama awepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 54, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, na mkono ninaoandikia barua hii ndio ulionivunjika mwaka jana.

Kilichonifanya nishike kalamu ni barua ya msomaji mwenzangu aliyesema kwamba miwani ya uhalisia pepe, ile ya michezo ambayo vijana wanajifunika usoni, ni anasa ya watoto wa matajiri na ingefaa iongezewe ushuru mpaka isiingie nchini. Sina ugomvi naye. Mwaka juzi na mimi ningesema hivyo hivyo. Namwomba tu anisikilize, kwa sababu miwani hiyo ina mchango wake katika kunirudisha kwenye cherehani, na namna ilivyonisaidia siyo ile ambayo watu wanaidhania.

Nilianguka mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Natoka uani na beseni la nguo, ngazi ya mlango wa nyuma ina utelezi, mguu ukaenda zake. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, nami nikatanguliza cha kulia. Mfupa ukavunjika karibu na kifundo, upande wa dole gumba, mkono ukapinda kama uma uliolazwa kifudifudi. Daktari aliyenipokea alisema mvunjiko wa namna ile wanauona sana, hasa kwa kina mama wa umri wangu ambao mifupa imeanza kupungua nguvu, na kwamba umepewa jina la daktari wa Ireland, Abraham Colles, aliyeueleza mwaka 1814. Alinisimulia hayo huku akinivuta mkono, na ninamshukuru, maana masimulizi yale ndiyo niliyoshikilia nisipige ukelele. Mfupa ukarudishwa, nikafungwa hogo la plasta, nikaambiwa wiki sita.

Nilidhani siku ya kukatwa hogo ndiyo siku ya kupona. Waliowahi kuvunjika wanajua. Uliotoka mle ndani ni mkono mwembamba, ngozi inabanduka, vidole vimevimba, na kifundo hakigeuki. Kifundo cha mkono kina vijifupa vinane, nilikuja kufundishwa baadaye, na vyangu vyote vilikuwa kana kwamba vimemwagiwa saruji. Nikapewa karatasi moja yenye picha za mkono: kunja, nyoosha, kiganja juu, kiganja chini, mara kumi, mara tatu kwa siku. Na tarehe ya kurudi kliniki baada ya mwezi. Hospitali yenyewe siitaji kwa jina, kwa sababu nimeongea na wengi waliotibiwa kwingine na kila mmoja ana karatasi yake.

Nieleze kilichopotea ni nini, maana ukisoma "kugeuza kiganja" unaweza kuona ni jambo dogo. Msomaji, bana kiwiko ubavuni, kisha geuza kiganja kitazame juu kama unayepokea chenji. Mimi sikuweza. Mteja akinipa sarafu zinamwagika chini. Nikaanza kupokea kwa kushoto, na kutoa kwa kushoto, na sisi watu wa pwani tunajua maana ya kumpa mtu kitu kwa mkono huo. Kila mteja nilimwomba radhi. Walinijibu kwa wema, "Mkono ni mkono, fundi," lakini kuomba radhi mara ishirini kwa siku kunamchosha mtu moyo. Kwenye sijda kiganja hakilali sakafuni, nikaswali nimeketi kitini. Kukuna nazi nikamwachia binti, kukamua tui nikamwachia binti, hata kufunga vishikizo vya gauni langu mwenyewe. Na cherehani yangu ni ya miguu. Gurudumu liko upande wa kulia, lazima kiganja cha kulia kilisukume ndipo miguu ipokee mwendo. Nikawa navusha mkono wa kushoto mbele ya mwili kulisukuma, na kila nikifanya hivyo kitambaa kinahama, mshono unakwenda mrama. Magauni mawili ya harusi niliyarudisha kwa wenyewe hayajashonwa.

Ile karatasi niliifanyia kazi siku nne. Sisemi kwa kujisifu, nasema ilivyokuwa. Siku ya tano nilifanya mara sita badala ya kumi, ya sita nikasahau mchana, wiki ya pili ikawa imekunjwa chini ya godoro. Maumivu yalikuwepo, lakini kilichonishinda zaidi ni woga. Kila kifundo kilipovuta nilisikia kana kwamba mfupa unaachia tena. Na hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba hauachii. Mtu akiwa peke yake chumbani na mkono unaouma, anaulinda, na mkono uliolindwa unazidi kukaza.

Mwezi wa Julai mwanangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo, na katika mizigo yake mlikuwa na miwani hiyo, aliyoinunua kwa michezo yake mwenyewe. Haihitaji kompyuta. Mbele ina kamera, na kamera hizo zinaviona vidole vyako, kwa hiyo kwa michezo mingine huhitaji kushika rimoti yoyote. Mkono mtupu unatosha. Aliniketisha kwenye kiti cha kulia chakula, akanivalisha juu ya ushungi (mkanda unateleza sana juu ya ushungi, ilibidi nifunge kilemba cha pamba ndipo ukatulia), nikaiona mikono miwili ya kijivu mbele yangu. Nikakunja kidole, na mkono wa kijivu ukakunja chake. Kifundo changu kilipogoma, na cha mkono wa kijivu kikagoma pale pale.

Mchezo aliouchagua ni wa kuokota vipande vya rangi vinavyoelea hewani na kuvipachika ndani ya umbo mpaka lijae. Unakibana kipande kwa dole gumba na kidole cha shahada, unakigeuza, unakileta. Kipande cha kwanza kilikuwa chekundu, chenye kona kama herufi L, na hakikuingia mpaka nikigeuze kiangalie upande wa pili. Nikakigeuza. Maumivu niliyasikia kimekwisha kuingia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo fundi yeyote angelielewa. Mtu anayejifunza kushona hutazama mikono yake, na mshono wake unapinda. Aliyebobea hutazama mshono, mikono inafuata yenyewe. Karatasi ilinifanya niutazame mkono wangu, na kila nikiutazama ninauogopa. Mchezo ulinifanya nikitazame kipande. Usiku ule nilipachika vinne kwa dakika kumi, nikataka vitano.

Sasa naomba msomaji asikimbilie kununua. Siku ya tatu nilicheza saa nzima na zaidi, kwa furaha, na asubuhi yake mkono ulivimba mpaka pete ikatoka kwa sabuni na machozi. Binti yangu, anayesomea uuguzi, akakasirika, akanipeleka kwa dada mmoja wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, katika kituo kingine, kwa malipo yetu wenyewe. Dada yule alinipima kwa kipimapembe cha plastiki. Kukunjua kifundo kwenda nyuma, nyuzi 25, wakati mtu mzima hufika 70 hivi. Kugeuza kiganja juu, nyuzi 30. Akaomba aone ninavyocheza. Alinitazama dakika mbili akasema, "Mama, unacheza kwa bega."

Ilikuwa kweli. Kipande kilipotaka kiganja kigeuke, mimi nilikuwa nikiinua kiwiko na kupindisha bega, mkono mzima unageuka, kifundo kimelala usingizi. Niliifanya hila hiyo bila kujua. Na miwani haikujua pia. Ilikuwa inanipigia vigelegele na kunipandishia alama kwa kazi ya bega zima lililo salama!

Alichukua khanga yangu, akaikunja ikawa kama mkate wa boflo, akaniambia niibane kati ya kiwiko na ubavu, na ikidondoka mchezo umekwisha. Siku ile nilikuwa nimefika vipande kumi na kimoja. Na khanga ubavuni nikapata vitatu. Nilitoka pale nimenyong'onyea, lakini vitatu vile ndivyo vilivyokuwa vya kifundo.

Akanipangia. Dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni, nimeketi, si kusimama, kwa sababu ndani ya miwani huoni meza wala mlango na mwanamke aliyevunjika kwa kuanguka hatakiwi kuanguka tena. Kizunguzungu kikija, vua, tazama nje dirishani. Maumivu yanayotulia ndani ya saa moja yavumilie. Yanayolala nawe usiku, punguza kesho yake. Na mkono ukibadilika rangi, ukang'aa, ukawaka moto hata khanga ikiugusa, usisubiri tarehe, njoo siku hiyo hiyo. Haya ya mwisho hayakuwemo kwenye ile karatasi ya kwanza, na naona ni kosa kubwa kumwachia mgonjwa aende nyumbani bila kuyajua.

Binti akawa anaandika kwenye daftari la hesabu: tarehe, dakika, vipande, khanga imedondoka mara ngapi. Jumapili anapiga picha ukurasa na kuutuma kwa dada wa fiziotherapia kwa WhatsApp, pamoja na video ya nusu dakika. Jibu linakuja kwa sauti. "Vizuri mama, sasa geuza kiti, vipande vitoke kulia kwako." "Wiki hii acha vipande, fanya ule mchezo wa kusukuma kwa kiganja." Mwanangu alirudi kazini akaniachia miwani. Mwisho wa Agosti kukunjua kukafika nyuzi 45. Mwisho wa Septemba 60, na kiganja juu 70. Ijumaa moja nililaza kiganja kwenye mkeka, nikasujudu, nikakawia kuinuka.

Najua mkono ungepona kiasi fulani hata bila miwani. Siku nazo ni dawa. Wala sitaki mtu aseme nimeandika tangazo la biashara. Binti alinisomea yaliyoandikwa na watafiti, mengi yakiwa ya watu wa kiharusi, maana huko ndiko michezo hii imepimwa zaidi. Kuna tathmini kubwa ya mwaka 2017 ya mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, iliyokusanya majaribio 72 yenye wagonjwa 2,470. Ilikuta kwamba ukiondoa tiba ya kawaida ya mkono ukaweka mchezo mahali pake, hakuna faida ya ziada. Lakini mchezo ukiwa nyongeza juu ya tiba ya kawaida, mgonjwa akapata muda mwingi zaidi wa kuutumia mkono, faida ilionekana. Mimi nilivyosikia hivyo nikasema basi, ndiyo khanga na miwani.

Kuna na utafiti mwingine uliochapishwa 2016, ulioongozwa na daktari Gustavo Saposnik wa Toronto, wagonjwa 141 wa kiharusi. Nusu walicheza michezo ya Wii, mashine ya michezo inayounganishwa na televisheni, nusu wakacheza karata, bingo, kurusha mpira na kupanga vijiti vya mbao. Mikono ya pande zote mbili iliendelea vizuri, na hakuna upande uliomshinda mwenziwe.

Habari hiyo nilimpelekea mzee jirani yangu, aliyefanya kazi katika mashamba ya katani mpaka alipostaafu, na kiharusi kilimkunja vidole vya kushoto. Nilikuwa nimemjaribisha miwani yangu kwa nia njema, na haikumfaa. Kamera inataka ione vidole vimefunguka, ngumi yake haikuisoma, mkono wa kijivu ukawa unatokea na kupotea, naye akavua akaniambia, "Hata mashine hainioni, fundi." Neno lile liliniumiza. Dada wa fiziotherapia alimwekea bao. Sasa anakaa barazani na mjukuu wake, anaokota kete kwa mkono ule ule, moja moja, na mjukuu anahesabu ngapi zimeingia shimoni na ngapi zimedondoka. Wana daftari lao pia. Hakuna aliyenunua kitu.

Kwa hiyo, Mhariri, ninachoomba ni hiki. Zifikirie hospitali zetu za rufaa za mikoa, na magongo ya kuazima. Mgonjwa anaacha dhamana, anatembelea, anarudisha. Basi ziwe na miwani mitatu, minne, ya kuazimisha hivyo hivyo kwa wiki nne au sita kwa mgonjwa ambaye mtaalamu ameona itamfaa, na asiyefaa apewe bao, unga wa kukanda, au chochote alichonacho nyumbani. Aina ya bei nafuu ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa Marekani kwa dola 299, ambazo kwa hesabu ya wakati ule ni kama laki nane za kwetu kabla ya usafiri na kodi. Ni pesa nyingi kwa fundi cherehani, na ndiyo maana simwambii mtu anunue. Kwa hospitali inayoizungusha kwa wagonjwa mmoja baada ya mwingine, hesabu ni nyingine. Wajue tu kwamba sponji ya usoni inanyonya jasho na lazima iwe ya kufutika, kwamba chaji ni ya saa mbili hivi, kwamba siku ya kwanza inataka intaneti, na kwamba kwenye mwanga wa koroboi kamera yetu haikuona kitu. Umeme ukikatika jioni, mazoezi yamekatika. Yote hayo yametukuta.

Lakini mkinunua miwani bila kumpa mtaalamu nafasi ya kuwatazama wagonjwa, mtakuwa mmenunua vigelegele. Namba za daftari langu zilikuwa na maana kwa sababu palikuwa na mtu anayezisoma kila wiki na kuniambia bega limeinuka. Dada yule alifanya hivyo kwa simu yake, kwa bando lake, usiku baada ya kazi. Apewe muda huo ndani ya saa zake za kazi, apewe simu ya ofisi na bando, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni matibabu. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Panapopangwa huduma zinazolipiwa, mazoezi tiba ya nyumbani yanayosimamiwa kwa simu yawemo. Kutoka Pangani au Muheza kuja mjini kwa ajili ya kugeuzwa kiganja dakika ishirini, nauli kwenda na kurudi, kila wiki, wengi wanaishia mara ya pili. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma za utengemao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, hawazipati. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa wiki kadhaa, na nilikuwa ninaishi mwendo wa daladala moja tu kutoka hospitali.

Kuhusu ushuru, namjibu msomaji mwenzangu kwa heshima: ikiwa kifaa kinaingizwa na hospitali kwa ajili ya mazoezi tiba, kipokewe kama yanavyopokewa magongo. Watoto wa matajiri sina neno nao.

Miwani yangu kwa sasa haiko kwangu. Iko Makorora kwa kijana wa bodaboda aliyevunjika vifundo vyote viwili vya mikono mwezi uliopita. Hogo la kushoto limetolewa, la kulia bado. Mama yake alikuja kibandani kushona sare za shule za wadogo zake, akaniona nasukuma gurudumu kwa kulia, akauliza. Nilimpa miwani, khanga iliyokunjwa, na daftari jipya, na namba ya dada wa fiziotherapia, ambaye alikubali kumwona bure mara ya kwanza. Jana jioni mama alinitumia picha ya ukurasa. Siku ya tisa, dakika kumi na tano, vipande sita, khanga imedondoka mara nne.

Wako,
Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga